Upindo

Daftari langu lina jalada la bluu
na limefungwa kwa uzi wa kofia.
Ndani yake mna miaka ishirini na mitatu ya mabega ya Langoni.
Bega, mkono, kifua, urefu.
Kila Mfungo Sita watoto hurudi,
wamerefuka bila kuniuliza,
nami huikata kwa mstari hesabu ya mwaka jana,
nikaandika mpya kandoni.
Mstari ule ndio salamu yangu: umekua, alhamdulillahi.

Yako majina matatu sijayakata.

Shekuwe wa Bi Maka, inchi arubaini na nne.
Alikuwa na selimundu. Siku ya kupimwa
alisimama kwa mguu mmoja, wa pili ukimuuma,
akanitania: "Fundi, pima upande mzima,
huu mwingine uandike kwa kukisia."
Nilicheka. Niliandika kwa kukisia.

Fumo, inchi hamsini na tano.
Pikipiki, njia ya Mokowe, Idi pili,
akiwa amevaa kazi yangu.
"Damu hutoka kwa maji baridi na chumvi," nilimwambia mamake,
kisha nikasikia nimesema nini.

La tatu liko ukurasa wa mwisho, na si la kanzu.
Zena. Kifua, kiuno, nyonga.
Dada yangu hakuweza kutulia, tepu ilimtekenya,
mara mbili ikaniponyoka.
Mwaka haujatimia akaniletea lile gauni nilipanue.
"Ni huyu," akasema, akilinyoshea kidole tumbo lake
kama anayemshitaki mtu.
Nililipanua.
Halikurudi kupunguzwa.
Sina la kuongeza hapo. Watu wanaijua hospitali ilipo,
wanajua pia kuwa usiku ule damu haikuwako.

Sanda haimhitaji fundi.
Hukatwa kwa dhiraa, haina mshono, haina kifungo,
na haina upindo.
Hilo ndilo linalonikwaza, mimi ninayekula kwa upindo:
hakuna mama aliyewahi kuniachia kitambaa
asigeuke, keshavuka kizingiti, akasema,
"Fundi, wata upindo, mwana yuwakuwa."
Nami huacha. Inchi tatu; nne kwa wenye babu warefu.
Za Shekuwe nilizikunja kwa mkono huu,
nikazipiga pasi ya makaa
mpaka zikalala kama deni lisilo na haraka.

Jana Bi Maka alikuja na mfuko wa karatasi.
Nyuma yake Athman, kitinda mimba,
aliyekuwa mgongoni siku tuliyozika.
Akanisimamia kwa miguu yote miwili.
Tepu begani, tepu kifundoni: arubaini na saba.
Sikulifungua daftari. La nini?
Amempita kakake.
Kaka mtu sasa ndiye mdogo.

"Shusha upindo," Bi Maka akasema, bila kuniangalia,
akaitoa kanzu ile mfukoni.
"Ni wa nduye. Ulisalia."

Nilichukua wembe, nikafumua uzi mmoja mmoja
kama mtu afunguaye barua isiyo yake.
Kanzu ilikuwa imeshika rangi ya maziwa yaliyolala,
miaka kumi ya sanduku na udi.
Lakini mle ndani ya upindo kitambaa kilikuwa cheupe,
cheupe kama asubuhi niliyokikata,
hakikuona jua wala sabuni,
inchi tatu ambazo hakuna aliyezivaa.

Athman akavaa. Akajitazama miguuni,
ule mkanda mweupe ukimzunguka pande zote,
akauliza kama utafifia ukifuliwa.

Bi Maka akasema ndiyo.
Nami, kwa wakati uleule, nikasema hapana.